Skrini mbili zinawaka, ya tatu inakataa: kisa cha kadi yenye matundu manne

Kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta hii ya mezani ina matundu manne mgongoni ya kuchomekea kebo za skrini, ya aina tatu: mawili ya DVI, moja la HDMI na moja la DisplayPort. Mwenye kompyuta, dada anayefanya kazi ya ufasiri, alikuwa akitumia skrini mbili za inchi 24, kila moja ikiwa na pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, zote kupitia DVI, bila tatizo lolote. Akanunua ya tatu ya ukubwa uleule, akaichomeka kwenye HDMI, akawasha. Windows ikaiona. Ikaipa namba 3 na kuichora kwenye ukurasa wa mipangilio ya onyesho, ila kwa rangi ya kijivu iliyofifia. Kila alipoiamuru ipanue eneo la kazi hadi huko, mabadiliko yalikataliwa na skrini ikabaki nyeusi.

Kufikia aliponiita, alikuwa ameshapewa ushauri wa kila aina. Aliambiwa abadilishe kebo ya HDMI, akabadilisha. Aliambiwa afute kiendeshi cha kadi, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia, na kukiweka upya, akafanya hivyo pia. Kuna aliyeshuku kwamba pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imelemewa, na kuna aliyempendekezea kigawanyaji cha HDMI, kile kiboksi chenye tundu moja la kuingiza na mawili ya kutoa.

Haya mawili ya mwisho yanastahili kujibiwa kwa sababu yanawapotezea watu wengi fedha. Skrini hupata umeme wake kwenye soketi ya ukutani. Kinachotoka kwenye kadi ni mawimbi ya picha na umeme kidogo mno, na nyongeza ya mzigo wa skrini moja yenye maandishi ni ndogo mno kuizimisha pawa saplai inayoendesha kompyuta nzima. Kigawanyaji nacho hunakili picha. Kompyuta inaona skrini moja, nacho kinaonyesha picha hiyohiyo mara mbili. Anayetaka tangazo moja kwenye vioo viwili atafurahi. Anayetaka matini ya asili upande huu na tafsiri upande ule hatapata chochote.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: "Dada, ukiizima moja ya zile za zamani kwenye mipangilio, hii mpya inawaka?"

"Inawaka vizuri kabisa, kaka. Nikiirudisha ile nyingine, hii haikubali tena."

Jibu hilo lilibeba nusu ya utambuzi wa tatizo. Tukalihakikisha kwa utaratibu. Ya kushoto na ya kati: zinawaka. Ya kushoto na ya kulia: zinawaka. Ya kati na ya kulia: zinawaka. Zote tatu: moja inabaki nje, na si lazima iwe ile mpya. Tukahamisha kebo, tukabadilishana skrini kwenye matundu, matokeo yakawa yaleyale. Skrini yoyote ilifanya kazi kwenye tundu lolote kati ya yale matatu mradi jumla isizidi mbili.

Hapa ndipo ningependa msomaji mwenye tatizo kama hili asimame kabla hajanunua kitu kingine. Ikiwa kila jozi inafanya kazi, basi skrini zote ni nzima, kebo zote ni nzima, matundu yote matatu ni mazima, na kiendeshi kinajua kuongea na kila moja. Vyote hivyo vimeshajithibitisha. Kinachobaki ni kitu ambacho skrini hizo zinagawana ndani ya kadi, na ambacho kipo kwa hesabu ya mbili. Hakuna kebo ya bei yoyote itakayokiongeza.

Kitu hicho ni kizalishi cha mapigo. DVI na HDMI za kadi kama hii hurusha picha kwa namna moja: pikseli baada ya pikseli, mstari baada ya mstari, zikienda sambamba na mapigo ya saa ambayo yana jozi yao ya nyaya ndani ya kebo. Skrini ya 1920 kwa 1080 inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde huhitaji mapigo ya megahezi 148.5, yaani milioni 148.5 kwa sekunde. Pikseli zinazoonekana ni takriban milioni 124 tu kwa sekunde. Mapigo yaliyosalia huenda kwenye vipindi vitupu kati ya mstari na mstari, na kati ya picha na picha. Skrini yenye ukubwa au kasi nyingine huhitaji mapigo mengine. VGA, tundu la skrini la zamani zaidi, ingawa ni ya analogi na haina waya wa mapigo, nayo huilazimu kadi ipime muda wa pikseli kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo inahesabiwa kundi moja nazo. Chipu ya kadi hii ina vizalishi viwili tu vya kuhudumia kundi hilo. Ni kama wapiga ngoma wawili na wachezaji watatu, kila mchezaji na mwendo wake: hata ukumbi ukiwa na milango minne, wa tatu hana wa kumpigia.

Lakini je, skrini tatu zinazofanana haziwezi kugawana pigo moja? Kimsingi inawezekana, na baadhi ya kadi zilizokuja baadaye ziliruhusu hilo kwa sharti kwamba vipimo vyote vya muda vilingane kabisa. Kadi hii haikuruhusu.

DisplayPort imejengwa kwa fikra nyingine. Picha haitumwi kwa mwendo wa pikseli. Hukatwa vipande, ikafungwa kama pakiti za mtandao, ikasafirishwa kwa kasi isiyobadilika, kwa mfano gigabiti 1.62, 2.7 au, tangu toleo la 1.2, gigabiti 5.4 kwa sekunde katika kila njia, na njia zenyewe hufika nne. Skrini ikiwa ndogo, pakiti zinazobeba picha ni chache. Ikiwa kubwa, ni nyingi. Lakini mwendo wa barabara ni uleule. Skrini ndiyo inayopanga upya muda wa pikseli baada ya kupokea. Kwa sababu hiyo pigo moja la msingi ndani ya kadi linatosha matundu yote ya DisplayPort, na vile vizalishi viwili vinabaki huru kwa ajili ya DVI na HDMI. Kadi ilikuwa na uwezo wa kuendesha skrini tatu tangu siku ilipotengenezwa, ila kwa sharti kwamba ya tatu ipitie DisplayPort.

Nilipomweleza hivyo, akafungua droo na kutoa adapta ya DisplayPort kwenda HDMI. "Hii nimeshaijaribu. Haikusaidia."

Na kweli haikusaidia. Tuliichomeka tena mbele ya macho yangu, na mambo yakawa vilevile: mbili zinawaka, ya tatu kijivu. Nadhani hapa ndipo watu wengi wenye kadi kama hii hukata tamaa, wakaamini kadi ni mbovu, kwa sababu walifanya jambo sahihi kwa kifaa kisicho sahihi.

Adapta za kutoka DisplayPort zina sura moja na miili miwili. Ya kwanza ni ya kupitisha tu. Tundu la DisplayPort kwenye kadi nyingi, lile lenye alama ya herufi D na P zikifuatiwa na misalaba miwili ya kujumlisha, lina tabia ya kutambua kwamba limechomekewa adapta ya aina hii. Likitambua, huacha kurusha pakiti na kuanza kurusha mawimbi ya HDMI kupitia pini zilezile. Adapta yenyewe hurekebisha volteji na kubadilisha umbo la kichwa, basi. Ina maana kadi imerudi kwenye kazi ya kupima pikseli, imehitaji kizalishi cha tatu, na hicho hakipo. Kwa nje umechomeka DisplayPort. Kwa ndani una HDMI ya pili.

Aina nyingine ina chipu ya kugeuza ndani yake. Kadi inaiona kama skrini halisi ya DisplayPort na kuitumia pakiti. Adapta inazipokea, inazifungua, na kuzalisha yenyewe mapigo ambayo skrini ya HDMI inayahitaji. Umeme wake inauchukua kwenye pini ya tundu hilohilo, ambayo hutoa volti 3.3. Hii ndiyo iliyotakiwa. Kwenye boksi la adapta huandikwa neno Active, na neno hilo ndilo la kutafuta. Lisipoandikwa, chukulia kwamba adapta ni ya kupitisha tu, hata muuzaji akisema nini. Angalia pia mwelekeo: adapta ya DisplayPort kwenda HDMI haigeuki ikatumika kutoka HDMI kwenda DisplayPort. Hicho ni kifaa kingine, na mara nyingi huhitaji umeme wa ziada kupitia USB.

Kabla ya kuagiza adapta tulijaribu njia isiyo na gharama, na ningemshauri mtu yeyote aijaribu kwanza. Ubao mama wa kompyuta hii una tundu lake la HDMI, linalohudumiwa na chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa. Alikuwa ameshachomeka skrini pale na kukuta giza. Sababu ni kwamba mashine nyingi, zikikuta kadi ya picha imechomekwa, huizima chipu ya prosesa moja kwa moja. Tuliingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows, tukatafuta kipengele cha picha za ndani, tukakitoa kwenye hali ya kujiamulia na kukiwasha, tukahifadhi. Windows ilipofunguka ikaweka kiendeshi cha chipu hiyo, na skrini tatu zikawaka kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Si kila mashine itakubali: kuna prosesa zisizo na chipu ya picha kabisa, kwa mfano zile za Intel za mezani ambazo jina lake huishia na herufi F, na kuna BIOS zisizo na kipengele hicho.

Kwa nini basi hatukuishia hapo? Kila kompyuta ilipoamka kutoka usingizini, ile skrini ya tatu ilichelewa kuwaka, na madirisha yote yaliyokuwa juu yake yakawa yamerundikana kwenye skrini ya kati. Mtu anayefungua kamusi mbili, orodha ya istilahi na barua pepe asubuhi, kisha akazikuta zimechanganyika kila arudipo kutoka mapumziko, hawezi kuvumilia hilo kwa muda mrefu. Pia sasa alikuwa na viendeshi viwili vya watengenezaji wawili vya kutunza. Kwa mtu asiye na fedha ya adapta ningesema aendelee hivyo bila wasiwasi. Kwake yeye, adapta ilikuwa na thamani.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupitia USB, adapta ambazo hubana picha kwa nguvu ya prosesa na kuipeleka kama data. Kwa maandishi zinafaa. Niliiacha kwa sababu DisplayPort ilikuwepo, tupu, ikisubiri.

Adapta yenye chipu ilipofika, tuliizima chipu ya prosesa kwenye BIOS, tukachomeka, tukawasha. Skrini tatu. Hakuna kilichobadilishwa kwenye kiendeshi wala kwenye Windows.

Kuwaka kwa skrini si mwisho wa kazi lakini. Mpangilio wenyewe ulichukua muda kuliko utambuzi, na ulikuwa na mambo yake.

Namba ambazo Windows huzipa skrini hazifuati jinsi zilivyokaa mezani. Mshale ulikuwa ukitoka ukingo wa kulia wa skrini ya kati na kuibukia kushoto. Dawa yake ni ukurasa uleule wa onyesho: bonyeza kitufe cha kutambulisha, kila skrini ionyeshe namba yake, kisha buruta vile visanduku vinavyowakilisha skrini hadi vifanane na meza. Ile ya kati tukaifanya kuu, ili upau wa kazi na madirisha mapya yaanzie mbele ya macho yake. Kabla mashine haijafika Windows, maandishi ya kuwaka yanaweza kutokea kwenye skrini yoyote ambayo kadi imeichagua. Chaguo la Windows halina mamlaka huko, na hilo halina madhara.

Halafu alitaka ile ya kushoto isimame wima. Nilifurahi aliposema hivyo, kwa sababu kwa mfasiri ni matumizi bora kabisa ya skrini ya ziada: ukurasa mzima wa matini ya asili unaonekana bila kusogeza. Kigingi cha skrini yake hakikuzunguka, lakini mgongoni palikuwa na matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100, kipimo cha VESA ambacho mikono mingi ya kushikilia skrini hukitumia, kwa hiyo mkono mmoja ulitosha. Kwenye mipangilio tukageuza mwelekeo kuwa wa wima.

Mambo mawili yakajitokeza. Skrini ya wima sasa ina urefu wa pikseli 1920, na jirani yake 1080. Mshale huvuka pale tu ambapo kingo za visanduku viwili zinagusana. Kokote kwingine unagonga ukuta. Kisanduku cha wima kilipangwa kwa juu, kwa hiyo nusu ya chini karibu yote ilikuwa ukuta, na alikuwa akidhani kipanya kinakwama. Tulikisogeza hadi katikati ya kimoja ikalingana na katikati ya kingine, kama zilivyokaa mezani, na mshale ukaanza kwenda alikotarajia uende.

La pili lilimuumiza macho bila yeye kujua sababu. Skrini ile ilikuwa na kioo cha aina ya TN, ambacho rangi zake hubadilika ukikitazama kutoka juu au chini. Kikigeuzwa wima, ile juu na chini inakuwa kushoto na kulia, na jicho moja linaona weupe tofauti na jicho la pili. Kurasa nyeupe zilikuwa na kivuli upande mmoja, kivuli ambacho hakikuondoka hata alipobadilisha mwangaza. Ile mpya ilikuwa na kioo cha IPS, ambacho hustahimili kutazamwa kwa pembe zote. Tukazibadilishana. Mpya ikawa ya wima kushoto, ile ya zamani ikahamia kulia kwa ajili ya barua pepe na kamusi, ambako haitazamwi kwa saa nyingi mfululizo.

Ya kati tuliiweka mbele yake kabisa, umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu ukilingana na macho au chini yake kidogo, na za pembeni zikageuzwa kumwelekea. Wengi huweka skrini mbili zinazolingana na kuketi mkabala na ule mshono wa kati. Shingo inakaa imepinda siku nzima. Weka moja mbele, nyingine ziwe za kutupia jicho.

Jambo moja aliniuliza tulipomaliza: akitaka kubadilisha ile ya kati iwe ya inchi 27 baadaye, je, atanunua adapta nyingine? Hapana, ataiondoa hata hii. Skrini mpya itachomekwa kwenye DisplayPort moja kwa moja, na zile mbili za pembeni zitarudi kwenye DVI na HDMI, zikitumia vizalishi viwili vilivyopo.

Alikuwa akifikiria ya pikseli 3840 kwa 2160. Nilimshauri asiichukue kwa mashine hii. Picha ya ukubwa huo kwa mara 60 kwa sekunde inahitaji karibu gigabiti 13 kwa sekunde. HDMI ya toleo la 1.4 hupitisha zaidi kidogo ya gigabiti 8 za picha kwa sekunde, kwa hiyo huishia mara 30, na mshale unaonekana ukiruka. DisplayPort 1.2 hupitisha 17 na ushei, inatosha kwa hesabu, ila lazima karatasi ya vipimo vya kadi ithibitishe kwamba chipu nayo inakubali. Na hata ikikubali, skrini hiyo ingekuwa na pikseli 163 katika kila inchi wakati jirani zake zina 92. Ingebidi ya kati ikuzwe kwa asilimia 150 au zaidi na za pembeni zibaki 100, na dirisha likivuka mpaka lingebadilika ukubwa, tena programu za zamani zingekuwa na ukungu upande mmoja. Programu yake ya kumbukumbu za tafsiri ni ya namna hiyo.

Ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 ina pikseli 109 kwa inchi, inahitaji gigabiti zisizofika 6 kwa sekunde, na inakaa na jirani zake bila ukuzaji wowote. Hiyo ndiyo aliyoiandika kwenye orodha yake ya kununua.